Kuna Mto Chini ya Bwawa

Mwaka juzi mpwa wangu na wenzake watatu walichanga pesa za kahawa, wakaongezea mkopo wa chama, wakanunua mashua ya mbao yenye injini ndogo ya nyuma. Hapa Runyenjes hakuna pa kuipeleka mashua. Maji tunayoyajua sisi ni ya mito inayoporomoka juu ya mawe kutoka mlima Kirinyaga, na mtu akitaka kuvuka hutafuta jiwe la kukanyaga, hana haja ya kupima kina. Vijana wale waliiteremsha mashua yao hadi upande wa Makima, kwenye bwawa la Masinga, wakaanza kubeba wavuvi na samaki. Siku ya tatu waligonga kisiki.

Hakuna aliyeumia. Ubao mmoja wa chini ulipasuka, maji yakaingia, wakawa wanayachota kwa sufuria huku wakipiga kasia hadi ukingoni. Jumapili iliyofuata mpwa wangu alipanda huku juu akanionyesha simu yake. Kwenye ramani palikuwa na ile nukta inayoonyesha mtu alipo, na pande zote za nukta hiyo palikuwa na rangi ya samawati, safi, bila doa. Akaniuliza, "Mjomba, si hapa ni majini?" Nikamjibu kwamba ni majini kweli. Simu haikumdanganya. Ilichokosa kumwambia ni kwamba chini ya maji yale, kwa nusu mita tu, palikuwa na mgunga uliosimama pale tangu kabla yeye hajazaliwa.

Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na tangu siku ile vijana kadhaa wamenijia na swali lile lile: kwenye mashua nitumie ramani ya simu au ya karatasi? Naandika haya kwa ajili yao na kwa ajili ya mzazi anayemkopesha mwanawe pesa za mashua. Wengi wetu katika Runyenjes na Kyeni hatuna babu aliyekuwa nahodha. Lazima tujifunze kwa makusudi kile ambacho mtoto wa Lamu hukipata akiwa mapajani mwa baba yake.

Kwanza tuelewane kuhusu bahari, maana ushauri mwingi utakaousikia juu ya jambo hili unatoka huko. Nahodha anayeingia bandari ya Kilindini ana chati ya bahari. Iwe ya karatasi au ya kioo, ndani yake mna namba za kina zilizopimwa na wataalamu, miamba, vipwa, mafungu, taa na maboya. Kwa hiyo mabishano ya watu wa bahari ni mabishano juu ya chombo cha kubebea habari zile zile. Nayo yanaelekea kwisha. Mwaka 2022 ofisi ya chati ya Uingereza, ambayo chati zake za karatasi zimetumika dunia nzima kwa zaidi ya miaka 200, ilitangaza kwamba itaacha kuzichapisha ifikapo mwisho wa 2026. Mabaharia walilalamika, muda ukasogezwa hadi angalau 2030. Marekani ilifunga ukurasa wa chati zake za kawaida za karatasi mwanzoni mwa 2025, ingawa mtu bado anaweza kujitengenezea chati ya eneo lake na kuichapa mwenyewe.

Kijana akisikia hayo huona karatasi imekufa, basi naye atie simu mfukoni aondoke. Tatizo ni kwamba ramani iliyo kwenye simu ya mpwa wangu haina uhusiano wowote na chati zile. Ni ramani ya barabara. Walioichora walitaka kumfikisha mtu Embu mjini au Kiritiri, na bwawa kwao ni mahali pasipo na barabara, wakapaka samawati wakaendelea na kazi yao. Mwenye mashua anahitaji kujua kilicho ndani ya ile samawati.

Tena hiyo samawati yenyewe haikai mahali pamoja. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, ndilo la juu kabisa kati ya mabwawa ya Seven Forks kwenye mto Tana. Kazi yake hasa ni kuweka akiba ya maji kwa ajili ya yale yanayolifuata: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Likijaa pomoni, uso wake huwa mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, nalo hufunika takriban kilomita za mraba 120. Mwaka 2009, wakati wa ukame, maji yalishuka hadi kampuni ya umeme ya KenGen ikazima mashine zake pale Masinga. Katika masika ya 2024 lilijaa likamwagika. Hayo ni maji ya bwawa lile lile, lakini ukingo wa 2009 na ukingo wa 2024 ni nchi mbili tofauti. Pale ambapo ardhi ina mteremko mdogo, maji yakishuka mita chache tu, ukingo husogea mamia ya mita, na mahali ulipopita Aprili na mashua unakuta mbuzi wanalisha Septemba. Ramani ya simu imechorwa kutokana na picha ya setilaiti ya siku fulani, na siku hiyo haiandikwi popote unapoiona.

Basi nikaenda kabatini nikatoa karatasi.

Ilikuwa karatasi ya zamani ya Idara ya Upimaji ya Kenya, skeli ya 1:50,000, ambayo nilikuwa nikiitumia darasani. Ni aina ile ile ambayo watoto wetu wa kidato cha nne hupewa kwenye mtihani wa jiografia: sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Mpwa wangu aliitafuta Masinga hakuiona. Palikuwa na mto Tana unajipindapinda, vijito vinavyouingia, njia za miguu, vilima, na vichaka vilivyochorwa kwa alama ndogo za kijani. Karatasi ilikuwa imepimwa kabla ya bwawa kujengwa. Alicheka, akasema ramani hii imepitwa na wakati. Nikamwambia aiangalie vizuri, kwa sababu ile mistari ya kahawia, mistari ya kontua, ndiyo chati ya kina ambayo amekuwa akiitafuta.

Fikiri nami. Kila mstari wa kontua unaunganisha mahali penye kimo kimoja. Kama maji ya bwawa lililojaa yanafika mita 1,056.5, basi ukingo wake unapita chini kidogo ya mstari wa 1,060. Kila kilicho ndani ya mstari huo sasa kiko chini ya maji au karibu na maji. Mstari wa 1,040 ulio ndani zaidi unakuambia kwamba pale, bwawa likijaa, kuna mita 16 na nusu za maji. Mto Tana wenyewe, ule uliochorwa kwa samawati nyembamba, bado uko palepale chini, na ndio mfereji wenye kina kirefu kuliko pote. Ukiufuata mto uliozama, unapita juu ya maji marefu. Ukikata kona ili ufupishe safari, unapita juu ya ukingo wa zamani wa mto, mahali ambapo miti mikubwa huwa imeota.

Karatasi za toleo jipya zimechora bwawa, na zilipolichora zikafuta kontua zilizo chini yake. Kwa hiyo ukienda Ruaraka, kando ya barabara ya Thika, ambako Idara ya Upimaji huuza ramani zake, usiombe ramani mpya ya Masinga. Uliza toleo la kabla ya 1981. Kwa Kiambere, lililoanza kuzalisha umeme 1988 na ambalo kimo chake cha juu ni mita 700, uliza toleo la kabla ya mwaka huo. Wakikosa, ulizia kwenye idara za jiografia za vyuo vikuu, kwa wapima ardhi waliostaafu, au kwenye stoo ya shule kongwe ya sekondari. Angalia pia pembeni mwa karatasi kama vimo vimeandikwa kwa mita au kwa futi, na kontua hupishana kwa kiasi gani. Nyingi za mita hupishana kwa mita 20. Zikiwa za futi, kumbuka kwamba mita 1,056.5 ni kama futi 3,466.

Sasa rudi kwa ule mgunga, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme mti wa mita 6 umesimama mahali penye kimo cha mita 1,040. Kilele chake kiko 1,046. Bwawa likijaa, juu ya kilele kuna zaidi ya mita 10 za maji, unapita na injini bila kujua kama kuna mti. Maji yakishuka hadi 1,045, kilele kinachomoza, hata mtoto anakiona. Lakini kati ya hapo, maji yakiwa 1,046 na nusu, mti huo umejificha chini ya uso kwa nusu mita, nao ndio utakaokula propela yako au ubao wako. Kisiki kimoja ni salama mwezi huu, ni mauti mwezi ujao, na mwezi unaofuata kinasimamiwa na ndege. Mvuvi akikuambia "hapo pako sawa, nimepita mara mia," muulize alipita maji yakiwa wapi.

Ndiyo maana nawasihi msiandike kina kwenye ramani zenu. Andikeni kimo cha chini ya bwawa. Watu wa bahari walilitatua jambo hili zamani: pale Mombasa maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4 wakati wa bamvua, kwa hiyo namba za chati huhesabiwa kutoka kwenye maji yanapokuwa machache kabisa, kisha nahodha anaongeza maji ya saa hiyo kutoka kwenye jedwali. Sisi hatuna jedwali la bamvua na maji mafu, lakini hesabu ni ile ile. Chukua kamba, funga jiwe au chuma kizito mwishoni, piga fundo kila mita. Waswahili wa pwani huiita bildi. Ukiishusha ikagota kwenye mita 8, na maji ya siku hiyo ni 1,051, basi chini ni 1,043. Andika 1,043 kwa penseli mahali hapo. Namba hiyo itakufaa mwaka huu na mwaka ujao, mvua inyeshe isinyeshe. Ukiandika "mita 8" umeandika habari ya siku moja.

Utajuaje maji ya leo yako kimo gani? Wakati wa mafuriko au ukame vyombo vya habari hutaja kimo cha Masinga, lakini siku nyingine zote utakaa gizani usipojitengenezea alama. Tafuteni mwamba imara karibu na mahali mnapoegesha mashua, usio jiwe la kubingirika. Siku bwawa linapoanza kumwagika, maji yako karibu na 1,056.5. Pigeni mstari wa rangi pale yalipofika. Maji yakishuka, shukeni nayo mkipiga mstari kila mita, na kama mwamba hauko wima tumieni mpira wa maji, ule ule ambao mafundi wa ujenzi hutumia kupata usawa wa msingi. Baada ya msimu mmoja mtakuwa na ngazi ya rangi inayosomwa na kila mtu kabla ya kuwasha injini. Kazi hii haihitaji hata shilingi elfu mbili, na sijaona kitu kingine kinachozidi thamani yake kwa mwenye mashua wa mabwawa yetu.

Karatasi nayo ina udhaifu wake ambao sitauficha. Tangu 1981 mito imekuwa ikimwaga udongo ndani ya Masinga kutoka mashamba ya milimani, na mahali mto unapoingia bwawani, chini pamepanda. Kule kwenye midomo ya mito usiziamini kontua za zamani hata kidogo, piga bildi. Ndivyo ilivyo Kamburu pia, mahali unapoingia mto Thiba ukiwa umebeba na maji ya Rupingazi wetu wa Embu. Tena karatasi halisi ni kubwa, upepo wa alasiri ukiivuta umeipoteza. Peleka kwenye duka la fotokopi Embu mjini, watoe sehemu unayoihitaji ikiwa imekuzwa mara mbili, ili kilomita moja iwe sentimita 4, kisha waifunike kwa plastiki. Kabla hujaondoka dukani pima miraba ya gridi kwa rula. Mashine nyingi hukuza kwa asilimia isiyo kamili, na ukikuta mraba ni sentimita 3.8 mwambie arudie.

Kuna mtego mmoja mwingine, na huu ulinikamata mimi mwenyewe mwalimu. Tulipotoka na mpwa wangu mara ya kwanza, alinisomea namba za mahali kutoka kwenye simu, nikaziweka kwenye karatasi kwa uangalifu wote. Zikatuweka nchi kavu, mlimani, na sisi tunaelea. Tukafikiri simu imeharibika. Baadaye nikakumbuka maandishi madogo chini ya karatasi: Arc 1960. Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa msingi mmoja wa kuhesabia umbo la dunia, na setilaiti za simu hutumia msingi mwingine unaoitwa WGS84. Misingi hiyo haikutani. Kwa hapa kwetu, ukiweka namba za simu moja kwa moja kwenye karatasi ya Arc 1960, alama yako huangukia takriban mita 300 kusini na kama mita 90 mashariki mwa mahali ulipo hasa. Mita 300 kwenye bwawa jembamba ni tofauti ya mfereji na mwamba.

Dawa yake ni kusogeza alama. Kwenye karatasi ya 1:50,000 isogeze milimita 6 juu na karibu milimita 2 kushoto. Kwenye kopi iliyokuzwa mara mbili, ni milimita 12 juu na karibu 4 kushoto. Nawe usinitegemee mimi tu: simama kwenye makutano ya barabara yaliyomo kwenye karatasi na ambayo hayajahamishwa, soma namba za simu, ziweke kwenye ramani, upime zimekosea kwa kiasi gani na kuelekea wapi. Andika jibu pembeni mwa ramani kwa wino usiofutika. Mwenye kifaa cha mkononi cha Garmin anaweza kuingia kwenye mipangilio akachagua Arc 1960, tofauti ikaondoka. Simu nyingi hazina nafasi hiyo.

Nisieleweke kwamba naidharau simu. Kuna kazi moja ambayo karatasi haitaiweza kamwe, na ningependa kila mwenye mashua aijue: kurekodi njia. Pandisha mashuani mvuvi mzee anayelijua bwawa, muombe akupitishe kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama anavyopita yeye, huku simu ikirekodi mwendo. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hufanya hivyo bila mtandao wowote. Jioni utakuwa na mstari mmoja kwenye kioo ambao umebeba miaka 30 ya mtu yule. Andika siku hiyo maji yalikuwa kimo gani, na njia hiyo usiifuate bila kufikiri maji yakiwa chini zaidi ya hapo. Giza likikukuta katikati, au ukungu wa asubuhi za Julai, mstari huo unarudisha watu nyumbani. Simu pia humwambia mwokoaji mahali ulipo, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa kupunga karatasi.

Setilaiti hazihitaji mtandao, ila picha ya ramani inauhitaji usipoipakua mapema. Ipakue ukiwa bado Runyenjes, kabla hujateremka. Iweke simu kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji, uifunge kwa kamba kwenye mashua, na uweke pawabenki kwenye mfuko mwingine. Jua la Mbeere adhuhuri hufanya kioo kisionekane, simu iliyoachwa juu ya ubao wa kukalia hupata joto hadi ikajizima, na kidole chenye maji na magamba ya samaki hakitambuliwi na kioo. Haya yote hutokea wakati ule ule, yaani upepo unapokuja na maji yanapoanza kuruka ndani.

Hata kwenye kioo chenye chati kamili za bahari, macho ya mtu yanaweza kumhadaa. Tarehe 29 Novemba 2014 mashua ya mashindano ya kuzunguka dunia, Team Vestas Wind, ilipanda juu ya miamba ya Cargados Carajos katika Bahari ya Hindi, kaskazini-mashariki ya Morisi. Ilikuwa usiku, na ndani mlikuwa na watu 9, mabaharia wa daraja la juu kabisa. Miamba ile ilikuwemo kwenye chati yao ya elektroniki. Lakini chati hizo huficha mambo mengi unapotazama eneo kubwa, na hakuna aliyeikuza vya kutosha akaona kilichokuwa mbele. Wote waliokoka. Mwaka mmoja kabla, Septemba 2013, meli ya kubeba kemikali Ovit ilipanda fungu la Varne kwenye mlango wa Dover kwa kufuata njia iliyochorwa juu ya fungu lenyewe, na kengele ya kuonya haikulia.

Karatasi iliyo mkononi haikuzwi wala haipunguzwi kwa kidole. Ukiikunjua mapajani unaona bwawa zima na kila kisiki ulichokiandika, vyote kwa pamoja, hata kile usichokuwa unakitafuta. Ndiyo maana nawaambia vijana safari ipangwe kwenye karatasi, nyumbani, mezani, chai ikiwa pembeni. Chora mstari utakaoupita. Uguse kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukiuliza kila sentimita: hapa chini pana kimo gani, maji ya leo yako wapi? Ukishamaliza, ndipo uuingize mstari huo kwenye simu.

Dira ya mkononi inafaa iwemo. Hapa kwetu kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani karibu zinalingana, kwa hiyo hatuna ile hesabu ya kuongeza na kutoa inayowasumbua mabaharia wa nchi nyingine. Ila dira iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya sindano yake hulala upande ikifika huku karibu na ikweta, ikagusa kioo na kukwama. Ijaribu dukani kwa kuishika sawa kabisa na kuizungusha. Ikae mbali na injini, na mbali na simu yenye kifuniko cha sumaku. Mazoezi yake yafanyieni huku juu kwanza: pandeni kilima cha Karue siku isiyo na mawingu, chagueni vilima viwili kule nyanda za Mbeere mnavyovijua kwenye ramani, pimeni mwelekeo wa kila kimoja, mchore mistari miwili. Inapokatana ndipo mliposimama. Mtu akiweza kujipata Karue bila simu, ataweza kujipata Kiambere kwa kutazama mlima Kiambere na kilima kingine cha upande wa Kitui.

Kuna mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote. Viboko wana njia zao, na njia hizo hubadilika maji yanaposhuka. Mpaka wa Hifadhi ya Mwea, iliyoko kando ya Kamburu, hauna ukuta, na kutia mashua au nyavu upande ule kunaleta kesi. Nyavu hutegwa usiku. Haya utayapata kwa wavuvi, kwenye kamati zao za ufuo, ukienda kwa heshima na ramani yako mkononi ukiwaomba wazee wakuonyeshe. Nimeona mzee ambaye hakuwahi kusoma ramani akiinamia karatasi, akautambua mto Tana jinsi ulivyokuwa kabla ya bwawa, akaweka kidole mahali palipokuwa na kivuko cha utoto wake. Kisha akaanza kutaja miti, mmoja mmoja. Siku hiyo tuliandika visiki 11. Na kabla hamjaanza kubeba watu, mashua ikaguliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, ambayo kazi yake inafika hata kwenye maji ya bara, na kila abiria awe na jaketi la kuokolea lililofungwa mwilini, lisiwe limekaliwa kama mto.

Siku simu na karatasi zitakapogombana, kama zitakavyogombana, usikae kuamua ipi unaipenda zaidi. Zima injini. Shusha bildi. Soma fundo, toa kwenye kimo cha maji ya asubuhi, ulinganishe na kontua. Ukikuta zinapishana kwa zaidi ya mita mbili, hujui ulipo, na ni afadhali ukubali hivyo huku umesimama. Rudi kwa kasia, polepole, mtu mmoja akiwa mbele na upondo akitafuta chini, hadi mpate mahali mnapopatambua wote.

Mpwa wangu alibadilisha ule ubao uliopasuka. Kopi yake ya ramani sasa imejaa penseli kiasi kwamba mto wa zamani hauonekani vizuri, na mwezi uliopita aliniomba karatasi nyingine safi ahamishie namba zake. Kwenye pembe ya chini kulia, juu ya maandishi ya Arc 1960, ameandika kwa wino mwekundu: juu 12, kushoto 4.